Kamusi ya Umma, Funguo za Wachache

Kata ya Kanyenye, katika Manispaa ya Tabora, imo ndani ya Wikipedia ya Kiswahili. Imo kama zilivyomo kata nyingine za nchi hii, mamia kwa mamia: jina la kata, jina la wilaya, jina la mkoa, idadi ya wakazi iliyonakiliwa kutoka katika sensa, kisha majirani zake wa manispaa, Gongoni, Chemchem, Ng'ambo, Isevya, Cheyo na wengineo. Basi. Chini ya makala za namna hiyo hubandikwa tangazo dogo lenye kueleza kwamba makala ingali mbegu. Tangazo humwuliza msomaji kama analo jambo la kuongeza, na papo hapo humkumbusha kwamba huenda zipo habari katika Wikipedia ya Kiingereza zinazofaa kutafsiriwa.

Tangazo hilo halikuandikwa kwa nia mbaya. Lakini litazame vizuri, ndugu msomaji, maana limebeba ugomvi wote tunaotaka kuuzungumza hapa. Mwananchi wa Kanyenye, aliyezaliwa katika mji ambao misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilitua kupumzika, kununua chakula na kuajiri wapagazi wapya, anaelekezwa akatafute habari za mtaa wake kwa Kiingereza.

Na akienda kuzitafuta atapata nini? Burton alifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857. Stanley alifika Unyanyembe mwaka 1871. Vitabu vyao vinaitaja Kanyenye. Ila Kanyenye wanayoitaja iko Ugogo, kwa Mtemi Magomba, mahali ambapo misafara ilitozwa hongo kabla ya kuruhusiwa kupita. Mtafsiri aliyekaa mbali, asiyeijua Tabora wala Ugogo, atambeba Magomba na hongo yake amlete hadi Tabora mjini, aweke na tanbihi ya kitabu kilichopigwa chapa London, na makala itahesabiwa kuwa imeboreka. Mzee wa Kanyenye akisema kwamba hayo si ya hapa, ataulizwa: chanzo chako kiko wapi?

Kwa wale ambao hawajapata kuichungulia, Wikipedia ni kamusi elezo iliyoanzishwa Marekani mwezi wa Januari 2001, na ile ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Programu inayoiendesha ni huria: mtu yeyote aweza kuichukua, kuichungua na kuibadili. Maandishi yake nayo ni huru kunakiliwa. Waandishi hawalipwi senti. Mitambo na jina la kamusi viko chini ya taasisi ya Wikimedia yenye makao yake San Francisco, lakini kazi ya kuandika, kusahihisha na kulinda ni ya watu wa kujitolea. Ile ya Kiswahili ina makala zaidi ya 80,000. Mwanafunzi wa sekondari akiuliza jambo kwenye simu yake, mara nyingi jibu la kwanza hutoka huko. Siku hizi hata mitambo ya akili mnemba, ile inayomjibu mtu kwa Kiswahili kana kwamba ilizaliwa Pwani, imefundwa kwa maandishi hayo hayo. Kosa lililoandikwa humo usiku mmoja na mtu mmoja laweza kurudiwa na mashine mara milioni, nasi tukaliamini kwa sababu limesemwa na mashine.

Kwa hiyo si mchezo wa vijana wenye muda wa kupoteza. Ni mali ya umma, pengine ghala kubwa kuliko yote la maarifa ya jumla yaliyowekwa kwa Kiswahili na kutolewa bure. Na mali ya umma, kokote iliko, yafaa umma uulize nani anashika funguo zake.

Tuanze kwa kuwapa haki yao wale wanaostahili. Wapo Watanzania na Wakenya, na wapo wageni waliojifunza Kiswahili wakakipenda, ambao kwa miaka zaidi ya 20 wamekesha wakiandika juu ya mito, wadudu, nyota, watakatifu na wanasiasa, kwa kifurushi cha intaneti walichokinunua wenyewe. Usiku huo huo wamefuta matusi, matangazo ya biashara, na makala za watu waliojiandikia sifa zao. Bila wao kusingekuwa na kitu cha kulalamikia. Aliyewahi kusimamia kazi ya kujitolea, iwe ya kujenga darasa au kuchimba kisima, anajua jinsi ilivyo vigumu.

Lakini kujitolea si hati ya kumiliki. Aliyebeba matofali mengi kuliko wenzake katika kujenga zahanati ya kijiji hapewi kwa sababu hiyo haki ya kuamua nani atibiwe. Hapa ndipo kamusi hii inapotutia mashaka, na mashaka yenyewe ni ya mfumo zaidi kuliko ya watu.

Wenye madaraka humo huitwa wakabidhi. Wao wana uwezo wa kufuta makala, kuufunga ukurasa usihaririwe, na kumzuia mtu asiandike. Juu yao wapo wenye uwezo wa kuwapa wengine ukabidhi, nao, usicheke msomaji, huitwa warasimu. Nchi hii ilitumia miaka mingi kuupiga vita urasimu katika maofisi na mashirika, kwenye majukwaa na katika kurasa kama hizi, mpaka neno lenyewe likawa tusi. Leo wapo watu wanaolivaa kama cheo! Yamkini aliyelitafsiri hakuwa na habari ya vita hivyo. Au alikuwa nayo, akawa mkweli kupita kiasi.

Watu hao huchaguliwa kwa majadiliano ya wachangiaji wenyewe, na kwa maandishi huo ni utaratibu mzuri. Katika Wikipedia ndogo, hata hivyo, wanaojitokeza kujadili huwa wachache mno, na mtu huweza kupata madaraka kwa kura za kuhesabu kwa vidole. Akishayapata hana muhula. Zipo njia za kumwondoa aliyekosea, ila zahitaji wachangiaji wale wale wachache wamshitaki mwenzao wanayemtegemea kesho. Njia inayojiendesha yenyewe ni moja: ule utaratibu wa Wikimedia wa dunia nzima wa kumvua madaraka mkabidhi aliyelala miaka 2 bila kugusa kazi yoyote. Yaani kiongozi hukaguliwa kama yu hai. Hakaguliwi ameongoza vipi.

Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ulitamka kwamba haifai kiongozi kuwa mjivuni, mwenye dharau na mwonevu. Waliouandika hawakusubiri kwanza kuthibitisha kwamba kila kiongozi alikuwa hivyo. Walijua kwamba cheo kisicho na mwulizaji humharibu hata mtu mwema, tena humharibu taratibu bila mwenyewe kuhisi. Hatumtuhumu mkabidhi yeyote wa leo. Tunauliza tu, akitokea kesho mmoja mwenye hulka hiyo, ni kitu gani kitamzuia?

Tusidhani kwamba hilo ni jambo la kubuni. Wikipedia ya Kikroatia ilishikwa na kikundi kidogo cha wakabidhi kwa takriban mwongo mzima, wakaipindisha historia ya nchi yao ili ifuate siasa zao za kizalendo za mrengo wa kulia, wakawafungia nje waliowapinga. Taasisi yenyewe ya Wikimedia ilitoa ripoti juu ya balaa hilo mwaka 2021, baada ya kizazi kizima cha wanafunzi kuisoma. Mwaka 2020 iligunduliwa kwamba sehemu kubwa ya Wikipedia ya Kiskoti ilikuwa imeandikwa na kijana mmoja wa Kimarekani asiyekijua Kiskoti, aliyekuwa mkabidhi pia. Alianza akiwa mtoto wa shule na hakuwa na nia mbaya. Hakukuwa na mtu wa kumwambia acha. Na mwaka 2025 iliamuliwa kuifunga Wikipedia ya lugha ya Greenland, kwa kuwa makala zake nyingi zilikuwa zimetiwa humo na watu wasioijua lugha, wakitumia mashine za kutafsiri.

Mtu ataniambia kwamba Kiswahili si Kigreenland. Kweli, wasemaji wetu ni makumi ya mamilioni. Wasemaji, lakini, si waandishi, wala waandishi si wasimamizi. Ukichuja kutoka tabaka moja kwenda jingine unabaki na kundi linaloweza kuketi katika daladala moja na viti vikabaki.

Kwa nini kundi halikui? Jibu tunalolisikia kila mara ni kwamba Waafrika hawapendi kuandika bila malipo. Hiyo ni kasumba, na inasikitisha kuisikia ikirudiwa na wasomi wetu wenyewe. Tumtazame kijana wa chuo hapa Tabora anayeamua kuandika juu ya mtaa aliozaliwa. Amekaa na bibi yake jioni tatu. Ameandika majina ya waliojenga nyumba za kwanza, asili ya majina ya vichochoro, ni nani kati yao walitoka Manyema na ni nani walitoka Pwani. Anaiweka makala. Kesho yake haipo. Kitufe cha kufuta hakimlazimishi anayekibonyeza kueleza sababu kwa maneno ambayo aliyefutiwa atayaelewa. Neno moja la mkato latosha, na yaruhusiwa hata kutokuandika kitu. Kijana hajui kwamba upo ukurasa wa majadiliano, hajui kwamba upo ukurasa wa Jumuia wa kupelekea malalamiko, na akitaka kukata rufaa juu zaidi atakuta kwamba mambo ya ngazi ya dunia huzungumzwa zaidi kwa Kiingereza. Anaifunga simu. Hakugombana na mtu. Hatarudi.

Tena inawezekana kabisa kwamba mkabidhi aliyefuta alifuata kanuni barabara. Hilo ndilo baya zaidi, kwa kuwa kanuni yenyewe haikutungwa kwa ajili yetu. Kanuni husema kila neno liwe na chanzo kinachoweza kukaguliwa, na chanzo kinachotambuliwa ni kitabu, gazeti au maandishi ya wataalamu. Katika nchi ambazo kila mtaa una kitabu chake na kila kijiji kina gazeti lake la miaka 150, kanuni hiyo ni ngao dhidi ya waongo. Hapa kwetu inafanya kazi nyingine kabisa. Inampa Burton kiti, inamwacha bibi mlangoni.

Na Burton ni shahidi wa namna gani? Kitabu chake cha mwaka 1860 kimejaa dharau kwa watu waliomlisha, waliombebea mizigo na kumwuguza. Sehemu kubwa ya aliyoyaandika juu ya Unyamwezi na maziwa aliambiwa kwa mdomo na Waarabu wa Kazeh na viongozi wa misafara, akayaandika kwa Kiingereza. Masimulizi ya mdomo yakawa chanzo kwa sababu yamepita katika kalamu ya Mzungu. Chukua pia maisha ya Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip. Aliyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, lakini yalipata kuingia katika maktaba za wasomi baada ya Mjerumani Heinrich Brode kuyachapa mwanzoni mwa karne ya 20. Sasa ni chanzo kinachotajwa na kila mwanahistoria. Kama Tippu Tip angefufuka leo akajiandikia ukurasa, wangemfutia kwa kukosa marejeo!

Wala isisemwe kwamba hakuna njia. Mwaka 2011 Achal Prabhala na wenzake, kwa fedha za Wikimedia yenyewe, walifanya majaribio katika Uhindi na Afrika Kusini: wakawarekodi watu wakieleza michezo, mapishi na mila, wakaziweka sauti hizo mahali ambapo kila mtu aweza kuzisikiliza, kisha wakazitumia kuwa vyanzo vya makala za Kihindi, Kimalayalam na Kisotho cha Kaskazini. Sauti iliyohifadhiwa inakaguliwa kama kitabu kinavyokaguliwa. Yule asiyeamini anasikiliza. Anayejua vingine anarekodi ushahidi wake na kuuweka ubavuni. Zaidi ya miaka kumi imepita tangu jaribio hilo, na kanuni iko pale pale. Wazee ndio hawakai pale pale.

Badala ya kushughulikia jambo hilo gumu, juhudi nyingi zimeelekezwa kwenye hesabu. Mwaka 2009 kampuni ya Google iliwaalika wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania kushindana kuandika makala za Kiswahili, kwa zawadi. Makala zikaja kwa mamia. Shindano lilipokwisha, wengi wa washindani walikwisha nalo, na kazi ya kusahihisha tafsiri zao ikawaangukia wachache wale wale waliokuwapo kabla. Tangu hapo mashindano yamekuwa desturi, na kwa kila shindano hupimwa idadi ya makala, mara chache uzima wake. Zikaongezeka na mashine za kutafsiri. Anayebandika asichokisoma hawezi kutofautisha ukingo wa mto na benki ya fedha, na aghalabu hatofautishi. Idadi inapanda, ripoti inaandikwa, picha zinapigwa watu wakiwa wamevaa fulana za namna moja. Tunaifahamu vema tabia hiyo hapa nchini. Ndiyo ile ya kuhesabu visima vilivyozinduliwa bila kuuliza kama vinatoa maji.

Mwezi wa Agosti 2025 wanawikimedia wa dunia walikutana Nairobi katika mkutano wao wa mwaka. Ni heshima kubwa kwa Afrika Mashariki, na tuliifurahia. Lakini kufanyia mkutano katika nchi ya Waswahili na kuziendesha kanuni kwa Kiswahili ni mambo mawili mbalimbali.

Hapa kuna jambo ambalo Tabora, kuliko mji mwingine wowote, ingeweza kuifundisha kamusi hii. Misafara iliyotoka Unyamwezi katika karne ya 19 haikuwa mikusanyiko ya watumwa waliofungwa minyororo tu, kama picha za vitabuni zinavyotufanya tuamini. Maelfu ya wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliokwenda Pwani kwa hiari yao na kwa ujira waliokubaliana. Mbele yao alitembea kirangozi. Huyo alikuwa mtu waliyemkubali wenyewe, anayejua njia, maji na desturi za watemi wa njiani. Alivaa vizuri kuliko wengine, naam, na alipenda kusifiwa. Lakini alikuwa na mzigo wake kichwani, japo mwepesi, na aliwaongoza watu kwa lugha yao. Msafara ulipoona umeonewa, wapagazi waliweka mizigo chini hadi neno lisikilizwe. Kama halikusikilizwa, asubuhi kambi ilikutwa tupu. Wasafiri wa Kizungu waliita hiyo tabia ya uvivu na utoro. Ilikuwa ni kura.

Wachangiaji wa Wikipedia nao wanapiga kura ya namna hiyo kila siku. Wanaondoka usiku bila kuacha barua. Na wenye funguo, kesho yake, wanasema watu wa huku hawapendi kujitolea.

Ziko hoja mbili za kujibiwa kabla ya kumaliza. Ya kwanza ni ile ya “kama hupendi, ingia uandike mwenyewe.” Ni hoja nzuri kwa mvivu, lakini ni dharau kwa aliyekwisha kuingia, akaandika, akafutiwa. Ya pili husema kwamba, ikiwa hali ni hiyo, Serikali au Baraza la Kiswahili la Taifa liichukue kamusi liisimamie. Tunaikataa kwa nguvu zote, na gazeti la chama linapaswa kuwa la kwanza kusema hivyo. Kamusi huria ikitiwa katika jalada la wizara itakufa kabla ya bajeti ya pili. BAKITA, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na vyuo vya hapa Tabora vina kazi nyingine, ambayo mpaka leo havijaifanya: kuingia humo kama wachangiaji, kwa majina yao, kusahihisha Kiswahili kibovu na kupiga kura pale wakabidhi wanapochaguliwa. Wapo maprofesa wanaoicheka Wikipedia ya Kiswahili katika mihadhara yao. Wangetumia dakika hizo za kicheko kusahihisha makala moja.

Maktaba ya Mkoa nayo yaweza kuwa mahali pa kuwekea sauti za wazee wa Kanyenye, wa Kwihara, wa Itetemia, zikiwa na jina la msemaji, tarehe, na ridhaa yake. Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone, imo tangu 2006 katika orodha ambayo Tanzania iliipeleka UNESCO kwa ajili ya njia ya kati ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu. Wageni huja kutazama alipolala Mwingereza. Waliombebea mizigo wana wajukuu katika mitaa hii, na wengine kati yao wamefikisha miaka 80.

Ukurasa wa Jumuia hauna mlinzi mlangoni. Hoja ya kwanza ipelekwe huko mwezi huu huu: muhula wa miaka 2 kwa kila mkabidhi na kila mrasimu, kisha arudi kwa wachangiaji aombe tena, na kila ufutaji uambatane na sababu iliyoandikwa kwa Kiswahili kamili kwenye ukurasa wa aliyefutiwa. Hoja ya pili: sauti iliyorekodiwa na kuhifadhiwa ikubaliwe kuwa chanzo. Watakaozipinga wazipinge hadharani kwa majina wanayoandikia, na kura zihesabiwe mbele ya wote.